Shikamoo Kwenye Matete

Majuzi niliazima turubai kwa jirani ili nianikie mtama. Lilikuwa limekunjwa likiwa na unyevu, likakaa stoo masika yote, na nilipolikunjua uani harufu yake ikanipanda puani: ukungu, moshi wa zamani, na kitu kama kitunguu kilichosahauliwa. Nikakaa chini nikacheka peke yangu mpaka binti yangu akatoka ndani kuangalia kama mimi ni mzima. Ningemwambia nini? Kwamba nilipokuwa darasa la pili niliishi siku kumi na mbili ndani ya harufu ile ile, kwenye ufuko wa Mto Mara usio na mtu, nikiamka kila asubuhi kumwamkia mwalimu ambaye hakuwa mwalimu?

Kwetu ni Kisaka. Baba yangu alikuwa mpishi katika kambi ya mahema ya watalii huko hifadhini, na kazi hiyo alikuwa ameianza kabla sijazaliwa. Tulimwona wakati wa likizo zake tu, akinukia sabuni ya kigeni, na tulimpenda kama mtu anavyompenda mgeni mzuri. Kisha kambi ikafungwa. Baba akarudi nyumbani moja kwa moja, na baiskeli yake imebeba masufuria mawili, sinia, aproni nyeupe, na turubai kubwa la kijani ambalo zamani lilikuwa hema la kulia chakula.

Shida ya mpishi anayerudi nyumbani ni kwamba nyumbani tayari kuna mpishi. Mama yangu alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Migori, na alikuwa akisonga ugali tangu ana miaka sita bila kusahihishwa na mtu. Sasa akasimamiwa. Baba alimweleza kwamba ugali ukae katikati ya sahani na mboga ziuegemee. Alimweleza kwamba samaki hatakiwi kumwangalia anayemla. Kila jioni alitupitia mmoja mmoja akiuliza kama tungependa kuanza na supu, na Bibi, yaani mama yake mzazi, alimjibu kila jioni kwamba supu ni ya mgonjwa na aliyejifungua, na yeye hakuwa mmojawapo. Mama aliendelea kusonga. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mcheshi, mwenye kuimba akifua. Mwezi wa kwanza nyimbo zikapungua, wa pili zikaisha, na wa tatu akawa anaongea na kuku tu.

Nyinyi mliokua upande ule mnakumbuka dhahabu ilivyowachukua watu siku zile. Watu walipita na sururu mabegani na karai kichwani kuelekea Nyamongo. Wachungaji waliacha ng'ombe. Shuleni kwetu Mwalimu Magesa, mwalimu wetu wa darasa la pili, mrefu, mwenye kifua kizito na kikohozi kilichotangulia mlangoni kabla yake, hakuonekana Jumatatu moja. Ikasemekana naye kaenda kwenye dhahabu. Tulifurahi wiki nzima, ingawa wadadisi tuligundua kwamba kiboko chake, kile kilichokaa juu ya kabati, hakikuwepo pia. Alikuwa kaenda nacho.

Baba naye akasikia habari za dhahabu. Mpita njia alimwambia kwamba kuna mahali, ng'ambo ya mto, penye kona na ufuko wa mchanga mweupe, ambapo dhahabu huletwa na maji yenyewe. Hakuna kuchimba, ni kuosha mchanga tu. Uzuri zaidi, alisema, hapakuwa na mtu hata mmoja. Baba alikuja na habari hizo macho yakimng'aa kama zamani akishuka kwenye baiskeli ya likizo. Shule zilikuwa zimefungwa na mto umenywea. Tungekwenda wote, tupige kambi kama inavyopigwa, na watu wangeona.

Bibi aliuliza kwa nini hapana mtu mahali penye dhahabu. Baba akasema watu hawapajui.

"Au wanapajua, mura, kijana wangu," Bibi akamjibu, na akaenda kufunga blanketi lake.

Nilishangaa Mama alipokubali bila ubishi. Nilidhani anaitaka dhahabu. Sikujua kwamba siku tatu kabla alikuwa amempelekea salamu kaka yake aje amchukue, na kwamba alikubali safari ili mume wake asichukuliwe na mto peke yake kabla kaka hajafika. Nilipoambiwa kwamba Mjomba atatufuata huko mtoni, nilihesabu kama raha nyingine ya kambi.

Tulitembea siku nzima, Baba akisukuma baiskeli iliyobeba nyumba yetu yote, tukavuka mto kwenye miamba. Palikuwa pazuri kweli. Mchanga ulikuwa mweupe na laini kama unga, maji yamejikunja kama mkono wa mtu aliyelala, upande mmoja matete marefu kuliko Baba, upande mwingine mgunga mmoja mkubwa wenye miiba. Hakukuwa na jogoo wala mbwa wala moshi wa mtu mwingine. Katikati ya nyasi, kutoka porini hadi majini, palikuwa na ukanda mpana usio na jani, tambarare, umesuguliwa vizuri. Baba akafurahi. Mahali pa hema, alisema, huwa unahangaika kupasafisha, lakini hapa pameshasafishwa. Bibi alizunguka ule ukanda mara mbili akiwa ameshika kiuno, akasema mahali palipofagiwa porini pana mwenyewe. Baba alikuwa ameshapigilia vigingi.

Jioni ile, tukiota moto, Baba alitupa sheria za kambi kama alivyozoea kuwapa wageni. Tusiache chakula nje. Tusiende haja bila kuaga. Maji tuchote kwenye miamba tu. Kisha akanitazama mimi.

"Na kule kwenye matete usikanyage. Kuna kiboko. Kiboko hana huruma na mtoto."

Hapa inabidi nijitetee. Nyumbani tulizungumza Kikurya, na Mama akikasirika tulizungumziwa Kijaluo. Kiswahili kilikuwa mali ya shule. Yule mnyama nilimjua vizuri kwa jina la nyumbani. Bibi alikuwa amenihadithia habari zake mara nyingi. Lakini kwa Kiswahili nilikijua kiboko kimoja tu, na kilikaa juu ya kabati. Mwenye sarufi angesikia kwamba Baba kasema "hana" na si "hakina". Mimi sarufi ilikuwa bado haijanifikia. Nilichosikia ni kwamba kwenye matete yale kuna kiboko kisicho na huruma na mtoto, na pasipo na mwalimu kiboko hakiwezi kuwepo. Ikanipambanukia. Mwalimu Magesa alikuwa amekwenda kwenye dhahabu. Sisi tulikuwa kwenye dhahabu. Kwa hiyo Mwalimu Magesa alikuwa anaishi kwenye matete.

Nililala vibaya, si kwa kuogopa simba, bali kwa kuwa nilikuwa sijafanya kazi ya likizo.

Asubuhi ya pili nikaamua kwamba mtoto mwenye akili hamsubiri mwalimu amkute. Humwendea na adabu zake. Wakati Mama na Bibi wakiwasha moto na Baba akiwa ameshaingia majini na karai, nilisogea mpaka hatua kama ishirini kutoka kwenye matete, maana kukanyaga nilikuwa nimekatazwa, nikapiga goti moja na kusema shikamoo, mwalimu. Kimya. Nikarudia kwa sauti. Ndani ya matete kikapulizwa kifua kizito, kisha ukaja mkoromo mrefu wa chini uliotetemesha mchanga chini ya goti langu. Mtu mwingine angesikia alichosikia. Mimi nilisikia marahaba, iliyosemwa na mwalimu aliyekuwa bado na kikohozi chake.

Nikarudi kambini nimetulia kama mtu aliyelipa kodi. Na nikaenda tena kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne nilimwimbia jedwali la mbili. Siku ya sita nilimaliza jedwali la tatu, na nilipokosea kwenye tatu mara nane akakoroma kwa hasira, nikarekebisha mara moja. Sikumwambia mtu. Kwa watu wazima habari za mwalimu huishia kwenye swali la tabia yako darasani.

Nyuma yangu kambi iliendelea. Baba aliosha mchanga kuanzia jua likichomoza, akavaa aproni saa sita, akatupikia vitu ambavyo sijavila tena: mkate uliookwa ndani ya shimo la makaa, kambale aliyekatwa akafanana na maua. Alikuwa na furaha ambayo hata mimi niliiona. Dhahabu aliyopata ilikaa kwenye kifuniko cha kalamu, na Bibi alipooneshwa aliuliza kama ni magamba ya samaki. Mama alikula, akashukuru, akaosha vyombo, akakaa kwenye mchanga akitazama njia ya upande wa mpaka. Mara moja nilimwona Baba akimtazama vile anavyotazama njia, mkono na mwiko vimesimama hewani, na supu ikaungua.

Siku ya kumi, mchana, Mjomba Okelo akafika. Alikuwa mtu mwenye umbo na koti, kofia ya pama, na viatu alivyovibeba mkononi vumbi lisivipate. Baba alimpokea kwa heshima zote, akamtandikia, akamuuliza kama angependa kuanza na supu. Mjomba akala mpaka akafungua kifungo, ndipo akasema alichojia: amekuja kumchukua dada yake, lakini yeye si mwizi wa wake za watu, kwa hiyo lazima kikao kikae, kila mtu aseme yake, na pawe na mtu wa nje mwenye heshima wa kusikiliza. Hapo ndipo nilipojua. Bibi alitazama moto. Baba alisema sawa, shemeji, akaenda kukusanya sahani.

Asubuhi Mjomba aliniita kando. Alitaka kujua jirani wetu ni nani.

"Hapa hakuna mtu wa heshima anaweza kaa na sisi kwa kikao? Hata mzee wa kanisa?"

Nilikuwa nimelia usiku. Nilitaka sana awepo mtu mkubwa wa kumkatalia Mjomba, na mtu mkubwa kuliko wote duniani nilikuwa namjua anapoishi.

"Yuko mwalimu," nikamwambia. "Anakaa kwenye matete. Nikimwamkia huwa anaitikia."

Mjomba aliniuliza mara mbili. Akaniuliza kama ni mwalimu wa serikali. Nikasema ndiyo, ni wa darasa la pili, amekuja kutafuta dhahabu, ila ana kifua. Mjomba akatikisa kichwa kwa huruma, akasema Tanzania nayo, walimu wanalala kwenye matete. Akavaa viatu, akafunga vifungo vyote vya koti, akakung'uta vumbi kwenye pama lake, akanifuata.

Nilisimama pangu, nikapiga goti, nikatoa shikamoo. Ikaitikiwa. Mjomba aliridhika. Hakuwa amekatazwa kukanyaga, basi akapita mbele yangu mpaka matete yakamgusa tumbo, akavua kofia na kupiga hodi.

Matete yakafunguka. Nakumbuka kwanza mdomo, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuona kitu kingine. Mjomba hakupiga kelele. Aligeuka kwa utaratibu wa ajabu, kisha utaratibu ukamwisha, akakimbia kama ambavyo sijawahi kuona mtu mnene akikimbia, akanipita, akaupanda mgunga wenye miiba kwa viatu na koti. Mnyama hakumfuata. Naye alikuwa ameshtuka, na mnyama yule akishtuka hutaka maji. Njia ya mkato ya kwenda majini ilikuwa ule ukanda uliofagiwa. Kumbe siku zote kumi alikuwa akituzunguka kwa adabu, akipitia matete, kwa ajili ya hema letu. Asubuhi ile adabu ilimwishia.

Mama alifika kwangu kabla sijajua kwamba nimesimama. Alinibeba kwapani kama mtungi akakimbilia miamba. Baba alitoka majini akikimbia, si kuelekea miamba, bali kuelekea kule mnyama alikotokea, akiwa na karai tu mkononi, akajiweka kati yake na sisi. Akapaza sauti. Miaka yote ya kazi yake ikamtoka kwa mara moja: alituamuru, kwa Kiingereza safi, tubaki ndani ya gari na tusitoe mikono nje.

Mnyama akampita upande, akaingia hemani upande mmoja na kutokea upande wa pili. Hema halikubaki. Lilimfuata, limemfunika kuanzia kichwani, likiburuta kamba na vigingi, na hivyo ndivyo alivyoshuka majini, amejitanda kijani kama bibi harusi aliyechelewa kanisani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka njiani na hakuwa amenyanyuka. Miguu yake haikuwa ya kukimbia tena. Upepo wa mnyama ulimvua kitambaa cha kichwa.

"Amepita kwake," Bibi akasema, akakiokota kitambaa.

Niliuliza kwa Kikurya yule ni nani, na Bibi akanitajia lile jina la nyumbani, akaongeza kwamba kwa Kiswahili ndiye kiboko. Nikahesabu kwa vidole asubuhi nilizompigia goti. Mama akanishika mabega akaniuliza nilikuwa nafanya nini kule, na nikaeleza yote: Mwalimu Magesa, kikohozi, shikamoo za asubuhi tisa, jedwali la mbili, jedwali la tatu, na alivyonikemea kwenye tatu mara nane.

Mama alikaa chini kwenye mchanga. Nilidhani atanichapa. Mabega yakaanza kumtikisika, akafunika uso kwa khanga, na nilipodhani analia ikatoka sauti ambayo nyumba yetu ilikuwa haijaisikia tangu Baba arudi. Alicheka mpaka akalala ubavu. Alipotulia, alimwona kaka yake juu ya mti na pama mdomoni, akaanza upya. Baba akacheka kwa woga kwanza, halafu kwa kweli. Walicheka wakishikana mikono, na katikati ya kicheko Mama akalia, akanivuta kwake kwa nguvu iliyoniumiza.

Mjomba alikataa kushuka mpaka aone mnyama ameondoka, na mnyama alikuwa katikati ya mto anatuangalia. Kwa hiyo kikao kilikaa hivyo hivyo, mwenyekiti akiwa juu. Aliuliza kwa sauti ya heshima, akichomoa miiba, nani aanze. Mama akaanza. Hakumlaumu Baba kwa dhahabu wala kwa kiboko. Alimuuliza swali moja, akimwita kwa jina langu.

"Baba Ghati, unatafuta nini hapa?"

Baba alitazama karai lake. Alisema mwanzoni alidhani ni dhahabu. Kisha akasema polepole kwamba nyumbani kila kitu kilikuwa kinakwenda bila yeye. Mtoto amelelewa, mashamba yamelimwa, ugali unaiva.

"Najua kupika tu," akasema. "Na pale kwako hapana nafasi."

Sijawahi kumsikia Baba akisema neno zito kama hilo, kabla wala baada. Mama alichora mchanga kwa kidole. Akasema yeye hakuwahi kukataa mpishi, alikataa msimamizi. Akasema pia, akiwa bado hajamtazama, kwamba kule Kerende, upande wa Nyamongo, kuna wanaume mamia wanaochimba kutwa na kulala na mihogo mikavu, na kwamba mkate wa kwenye shimo haukuwa mbaya. Kwa juu mwenyekiti akauliza kama kikao kimesikia. Bibi akajibu kimesikia.

Mama aliomba tukae siku moja zaidi. Hakuna aliyeosha mchanga siku hiyo. Tulikaa mbali na matete, kwenye kivuli cha mgunga, Mama akimtoa Mjomba miiba mgongoni na kumwimbia nyimbo za kwao, na turubai lililokuwa limeelea na kukwama kwenye miamba likikauka taratibu na kunuka.

Mgahawa wao pale Kerende ulidumu kuliko mashimo mengi ya dhahabu. Mama alisimamia chungu na wateja, Baba alisimamia mkate na supu, na wachimbaji waliotoka ardhini na vumbi mpaka kwenye kope walizoea kuulizwa kama wangependa kuanza na supu. Walioanza kwa kumcheka kwa kumwita Baba Supu waliishia kumheshimu kwa jina hilo hilo, na ndilo lililotajwa siku tuliyomzika. Lakini hayo ni ya baadaye, na ninapokumbuka safari ile nakumbuka zaidi asubuhi tuliyoondoka.

Tulipanda kutoka mtoni kwa mstari, Mama mbele na mzigo wake kichwani, Mjomba na koti lililochanika, Bibi na mimi, Baba nyuma kabisa na baiskeli. Hakuna aliyekuwa amesema tunakwenda wapi. Juu ya kilima njia iligawanyika, moja ya kwenda mpakani, nyingine ya Kerende. Mama akasimama. Sote tukasimama nyuma yake, na nikasikia gurudumu la baiskeli ya Baba likiacha kuzunguka. Mama alitua mzigo, akatoa ndani yake mkate uliobaki umefungwa kwenye kitambaa, akampa kaka yake.

"Wasalimie nyumbani," akamwambia.

Kisha akajitwisha tena mzigo, akashika njia ya Kerende.